Sura ya Saba: Seva ya Gemu kwa Kundi la Igoma

Kampuni za kukodisha seva za gemu hutangaza mambo mawili kwa herufi kubwa: bei ya mwezi na ukubwa wa RAM. Kwa kundi linalocheza kutoka Igoma, Mwanza, yote mawili yasubiri kwanza. La kuanza nalo ni ping, yaani muda ambao amri ya kidole chako hutumia kufika kwenye seva na jibu lake kukurudia.

Ping hupimwa kwa milisekunde, na milisekunde 1,000 ndiyo sekunde moja. Mwanga ndani ya mkongo husafiri karibu kilomita 200 kwa milisekunde. Kwa hiyo kila kilomita 100 za mkongo kati yako na seva zinakula milisekunde moja ya kwenda na kurudi, na hakuna kifurushi cha bei yoyote kitakachoipunguza. Igoma hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Mkongo ukifuata njia ya urefu huo, ping ya seva iliyoko Dar haiwezi kushuka chini ya 11, na ukicheza kwa bando la simu, mnara nao utaongeza makumi kadhaa.

Seva ikiwa Ujerumani, ambako bei ni nafuu sana, mawasiliano yanashuka kwanza hadi pwani, yanaingia kwenye mkongo wa baharini, yanapanda Bahari ya Shamu, yanapita Misri na kuvuka Mediterania. Hiyo ni safari inayokaribia kilomita 10,000. Milisekunde 100 zimekwisha kabla mashine yoyote haijafanya kazi, na kwa matumizi ya kila siku tarajia 150 au zaidi. Afrika Kusini iko katikati ya hali hizo mbili. Microsoft ilifungua vituo vyake vya data huko mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafika Johannesburg mwaka 2024. Kampuni ndogo zinazokodisha seva Johannesburg nazo zipo. Umbali wa mkongo ni kama nusu ya ule wa Ulaya.

Usiamini ramani peke yake, lakini. Njia inayopita data haichaguliwi na wewe. Huchaguliwa na mikataba ya kampuni yako ya intaneti. Data ya kwenda Johannesburg inaweza kuzungushwa Ulaya kwanza, na hapo seva ya karibu inakuwa mbali kuliko ya mbali. Hata majirani wawili wa mtaa mmoja, mmoja akitumia laini ya kampuni hii na mwingine ya ile, mara nyingi data zao hukutana Dar ndipo zirudi Igoma. Kwa hiyo pima. Kampuni nyingi za seva hutoa anwani ya majaribio kwa kila mji. Ipime kwa laini mtakayochezea, saa mbili usiku wakati kila mtu yuko mtandaoni, na kila mchezaji apime kwake. Angalia pia kama namba inatulia. Ping ya 120 iliyotulia inachezeka kuliko inayoruka kutoka 60 hadi 300.

Baada ya hapo, jiulize mnacheza nini. Counter-Strike na gemu zote za kulengana risasi huadhibu ucheleweshaji bila huruma: mwenye ping ya 40 anakuona na kukupiga kabla skrini yako haijakuonyesha kwamba ametokeza. Kwa gemu hizo lipeni zaidi mpate seva ya karibu, na mpunguze uwezo wa mashine, kwa sababu seva ya Counter-Strike 1.6 ni nyepesi mno. Minecraft ni habari nyingine. Kujenga, kuchimba na kulima kunavumilia ping ya 150 bila shida kubwa. Mapigano ndiyo yatakayowachosha. Kundi la Minecraft lenye fedha kidogo linaweza kabisa kukodi Ulaya.

Ila Minecraft ina mahitaji yake, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Seva yake hupiga hesabu ya sehemu za dunia zilizo karibu na wachezaji mara 20 kwa sekunde, maana yake kila mzunguko una milisekunde 50 tu: maji yatiririke, wanyama watembee, mazao yakue. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kiini kimoja cha prosesa. Mzunguko ukizidi muda wake, dunia inaganda kwa wote, hata kwa mwenye ping nzuri. Ndiyo maana tangazo la viini vinane na RAM ya GB 16 halisemi lolote kama kila kiini ni cha zamani na kimegawanywa kwa wateja wengi. Uliza jina la prosesa. Kwa watu sita wanaocheza Minecraft ya kawaida, RAM ya GB 2 hadi 4 inatosha. Zaidi ya hapo ni ya wenye modi nyingi. Kabla ya kununua kifurushi kikubwa, fungua mipangilio ya seva na punguza umbali wa kuona kutoka 10, ambao ndio wa kawaida, hadi 6. Ni bure, na mara nyingi hutosha kuondoa kuganda.

Je, kompyuta ya nyumbani haiwezi? Inaweza, na wote mkiwa sebule moja kwenye Wi-Fi moja ndiyo seva bora kuliko zote. Mkitawanyika, mtakutana na ukuta. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, kwa kuwa anwani hizo ni haba, na anayebisha kutoka nje hafikishwi kwenye mashine yako. Ziko programu za kuunganisha nyumba kwa njia ya VPN, lakini kumbuka kwamba mwezi Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitangaza kuwa wanaotumia VPN wajiandikishe. Halafu piga hesabu ya umeme wa LUKU. Kompyuta inayokula wati 100, ikiwaka usiku na mchana, inamaliza uniti 72 kwa mwezi. Kwa takriban shilingi 356 kwa uniti kwa mteja wa daraja la kawaida, hiyo ni zaidi ya shilingi 25,000.

Linganisha na seva ya kukodi ya, tuseme, dola 5. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 ni shilingi 12,500. Ongeza VAT, tuseme kwa asilimia 18, ambayo tangu Julai 2022 inazihusu pia huduma za kidijitali zinazouzwa na kampuni za nje, unafika shilingi 14,750. Watu sita wakichanga, kila mmoja anatoa chini ya shilingi 2,500 kwa mwezi. Malipo hufanyika kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma za fedha za simu, hivyo huhitaji akaunti ya benki. Kampuni ya hapa nchini inapaswa kukutajia bei kwa shilingi. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza bei za ndani kwa dola.

Seva ya ndani haikukingi na kila janga. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilipopata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ya Tanzania ilidhoofika sana. Minecraft ya Java huhakiki akaunti kwa seva za Microsoft kila mchezaji anapoingia, kwa hiyo hata seva iliyoko Dar ingekuwa taabani siku hiyo.

Ninachoshauri kwa kundi la Igoma ni hiki: gemu za risasi, kodini Dar, Nairobi au Johannesburg, popote vipimo vyenu vitakapotulia; Minecraft, anzeni na seva ndogo ya Ulaya yenye prosesa ya kisasa. Washeni orodha ya walioruhusiwa ili wasiowahusu wasiingie, na mpakue nakala ya dunia yenu kila wiki kwenye kompyuta ya mmoja wenu. Lipieni mwezi mmoja kwanza. Punguzo la mwaka mzima msiliguse kabla hamjacheza wikiendi kadhaa mkiwa wote mtandaoni.