Kitunguu Saumu Hakifiki Kilikotumwa

"Daktari, nimewapa kitunguu saumu, nimewapa mwarobaini, na bado wanahara." Mama aliyeniambia hivyo anafuga Rombo, na bandani kwake kulikuwa na watoto wa nguruwe kumi na mmoja, siku ya nne tangu watenganishwe na mama yao. Mikia ilikuwa imelowa, nao wamejibanza pembeni wakitetemeka. Sufuria ya dawa ilikuwa bado na joto: vitunguu saumu vilivyochemshwa pamoja na majani ya mwarobaini. Alikuwa ameimiminia yote kwenye chakula. Hori lilikuwa limejaa.

Hori lile lilinieleza mengi kuliko mikia. Walikuwa wamesusa.

Mtoto wa nguruwe anaponyonya, tumbo lake bado halijui kutengeneza asidi ya kutosha. Kazi hiyo hufanywa na bakteria wema wanaokula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki. Siku unapomtoa kwa mama, sukari ile inakatika, tumbo linapoteza ukali wake, na vijidudu vilivyomezwa pamoja na maji machafu vinapita vikiwa hai. Chini zaidi, ukuta wa utumbo mwembamba umefunikwa na vijidole vidogo sana, mamilioni, ndivyo vinavyofyonza chakula. Vijidole hivyo hujilisha kwa chakula kinachopita juu yake. Mnyama akifunga siku moja au mbili, vinafupika. Akianza kula tena kwa pupa, chakula hakifyonzwi, kinateremka chini kuwa karamu ya bakteria.

Mgeni mkuu wa karamu hiyo ni aina fulani za E. koli, zenye vinyweleo vya kushikilia ukuta wa utumbo. Wataalamu huviita F4 na F18. Zikishashika, humwaga sumu inayoulazimisha utumbo kutoa maji na chumvi badala ya kuvipokea. Ukimwona mtoto wa nguruwe macho yameingia ndani na ngozi imenywea, ujue anakufa kwa kukaukiwa maji. Bakteria mwenyewe hana haja ya kuingia kwenye damu.

Porini, nguruwe huacha ziwa taratibu, kati ya wiki ya 12 na ya 17. Mashamba makubwa ya Ulaya huwaachisha wakiwa na siku 21 hadi 28. Wafugaji wengi wa hapa kwetu hungoja hadi karibu miezi miwili, na wana bahati kwa hilo. Mama wa Rombo alikuwa ameshauriwa aachishe wiki ya nne ili jike lirudi kwenye joto mapema. Ushauri wa shamba lenye taa za joto na chakula chenye unga wa maziwa, ukapelekwa kwenye banda la mabanzi na pumba za mahindi.

Hao wa Ulaya waliwezaje? Kwa miaka mingi waliziba pengo kwa antibayotiki ndani ya chakula. Sweden ilipiga marufuku dawa hizo za kukuzia mwaka 1986, Umoja wa Ulaya wote ukafuata Januari 1, 2006. Wakahamia kwenye oksidi ya zinki kwa vipimo vikubwa, kama kilo mbili na nusu za zinki katika tani moja ya chakula. Nayo ikazuiwa Juni 2022, kwa sababu zinki huishia kwenye udongo kupitia samadi na huchangia usugu wa vijidudu. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kuwa wamepata kwenye nguruwe jeni inayowapa bakteria kinga dhidi ya kolistini, dawa ya akiba kwa wagonjwa mahututi, na jeni yenyewe huruka kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Hapo ndipo viungo vya jikoni vilipopewa kiti kilichoachwa wazi.

Na si kiti cha bure. Mafuta ya karafuu, hii hii ya Pemba, zaidi ya theluthi mbili yake ni yujenoli, kemikali inayotoboa utando wa bakteria. Oregano ina kavakroli, yenye kazi kama hiyo. Ukizitia kwenye sahani ya maabara, E. koli hufa. Tabu ni safari. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliwapa nguruwe wachanga mafuta ya namna hii, wakayafuatilia tumboni. Karibu yote yalikuwa yamefyonzwa kabla ya kuvuka sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. E. koli wengi wanasubiri mbele zaidi. Ndiyo maana viwanda huvika matone ya mafuta joho la shahamu, yafunguke mbele ya safari. Karafuu uliyotwanga haina joho.

Kitunguu saumu kina tabu yake nyingine. Kikiwa kizima hakina ile dawa inayosifiwa, alisini. Huzaliwa pale tu unapokiponda, kimeng'enya kikakutana na mwenzake waliyetenganishwa na kuta za chembe. Joto la sufuria huua kimeng'enya hicho. Mama yule alichemsha kwanza, akaponda baadaye. Alikuwa amepika supu.

Mwarobaini ni mchungu, na nguruwe ana pua na ulimi wa kuchagua kuliko wengi wanavyomdhania. Kumtilia uchungu wiki ile ambayo uhai wake unategemea kula ni kumfunga kamba miguuni. Mlonge ni habari nyingine: majani yake makavu yana protini takribani robo ya uzito, kwa hiyo uite chakula, si dawa.

Jaribio ninalolipenda zaidi halikuua bakteria yeyote. Huko Wageningen, Uholanzi, majike walilishwa chakula chenye harufu ya anisi, inayofanana na ya bizari tamu, wakati wa mimba na wa kunyonyesha. Watoto wao walipoachishwa na kukuta harufu ile ile kwenye hori, walikula zaidi. Walikuwa wameijua tangu tumboni. Kiungo kilimsaidia mtoto kuamini chakula kipya.

Anayetaka kujaribu bidhaa za dukani azingatie kipimo. Ikiandikwa gramu 300 kwa tani, gunia la kilo 50 linahitaji gramu 15 tu. Changanya kwanza na kilo moja ya pumba, kisha hiyo kilo uisambaze guniani. La sivyo mmoja atakula zote na kumi watakosa. Na kama wanahara wakubwa kwa wadogo, wana homa kali na wanakufa ghafla, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika, nayo haina majani wala sindano ya kuitibu.

Kule Rombo tulimwaga chakula, tukaosha hori, tukatandika nyasi kavu. Tukawawekea maji safi yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa kila lita, na chombo cha pili cha maji matupu, kwani chumvi bila maji humuua nguruwe. Chakula kidogo kidogo, mara tano kwa siku. Wawili walikufa.

Uzao uliofuata aliachisha wiki ya saba. Karafuu kidogo alianza kumtilia jike kabla hajazaa, kisha watoto nao wakaipata kwenye chakula cha kuonja. Nilipopita, walikuwa wameingiza miguu ya mbele horini, wanasukumana. Mama anasema ni karafuu. Mimi nasema ni zile wiki tatu za maziwa.