Wanawake Waitwao Sadako

Nchini Japani mwanamke akikutajia jina lake, swali linalofuata mara nyingi ni hili: linaandikwaje? Sauti peke yake haitoshi. Sadako ni jina la silabi tatu ambazo mtoto wa Tanga au Kisumu atazitamka bila taabu, lakini kwao huandikwa kwa kanji, yaani herufi zenye asili ya Uchina, na mzazi ndiye anayechagua herufi zipi. Yupo Sadako ambaye herufi yake ya kwanza ni ya uaminifu na mwenendo safi. Mwingine yake ni ya fundo la mwanzi, ambayo imebeba pia maana ya kiasi na msimamo. Wa tatu yake ni ya heri ishukayo kutoka juu. Ile ko ya mwisho ni mtoto. Ukiwaita wote kwa sauti watageuka pamoja; ukiwaandika, ni watu mbalimbali kabisa.

Jina hutolewa rasmi usiku wa saba tangu mtoto azaliwe, katika sherehe iitwayo oshichiya. Msomaji wa pwani ataikumbuka akika, ambayo nayo desturi yake ni siku ya saba, ingawa mila hizi mbili hazina asili moja. Wajapani husimulia kwamba zamani vichanga wengi walikufa siku za mwanzo, kwa hiyo watu waliona heri kungoja wiki ipite ndipo wamhesabu mtoto kuwa wa nyumbani. Huandaliwa wali wa kunata uliopikwa na maharage madogo mekundu hadi ukapata rangi, na samaki mwekundu aliyechomwa mzima, kichwa na mkia vikiwapo. Kisha babu, au yeyote mwenye mwandiko mzuri, huchukua brashi na wino mweusi. Juu ya karatasi nyeupe huandika kwamba hapa jina linatolewa. Katikati, kwa herufi kubwa, jina lenyewe. Pembeni, tarehe ya kuzaliwa. Karatasi hubandikwa karibu na madhabahu ya nyumbani au juu ya kitanda cha mtoto, nayo hukaa hapo hadi mtoto apelekwe hekaluni, yapata mwezi mmoja baadaye. Wapo wanaohesabu mistari ya kila herufi na kumwendea mtabiri awaambie kama jumla yake inapatana na jina la ukoo. Serikali nayo ina sehemu yake: mtoto huandikishwa ndani ya siku 14 katika rejista ya familia, koseki, na herufi za jina lake sharti zitoke katika orodha iliyoidhinishwa.

Kwa mwanamke jina hilo la usiku wa saba lina uzito wa pekee, na hapa ndipo moyo wangu ulipo katika habari hii yote. Sheria ya Japani inawataka mume na mke watumie jina moja la ukoo, na katika ndoa takriban 95 kati ya kila 100 anayeacha la kwao ni mke. Akishazaa, nyumbani huitwa mama, hata na mumewe, kama sisi tunavyosema Mama Asha au Mama Juma. Akifa, kasisi wa Kibudha humpa jina jipya la marehemu, nalo ndilo huchongwa kaburini. Jina alilopewa na wazazi ndilo mali yake ya kutembea nayo. Nakamura Sadako aliolewa akawa Ogata Sadako. Doi Sadako akawa Kurihara Sadako. Ukoo ulibadilika, Sadako akabaki.

Jina lenyewe lilitoka ikulu. Kwa karne nyingi ko ilikuwa ya mabinti wa makabaila. Miaka 1,000 iliyopita malkia wa Mfalme Ichijō, aliyefariki mwanzoni mwa mwaka 1001 baada ya kujifungua, aliandikwa kwa herufi mbili zinazoweza kusomwa Sadako. Wanazuoni wa leo humwita Teishi, kwa usomaji wa Kichina, kwa sababu hakuna kumbukumbu ya jinsi watu wake walivyolitamka jina lake. Sei Shōnagon, mwandishi hodari aliyekuwa akimhudumia, naye hatulijui jina lake la kuzaliwa; tulilonalo ni la kazini, lililofungamana na ukoo na cheo. Kulitaja hadharani jina la mwanamke wa heshima lilikuwa jambo la kuepukwa, na matokeo yake ni kwamba maandishi ya wanawake wale yamedumu huku majina yao yakipotea.

Wasichana wa kawaida, hadi karne ya 19, walikuwa na majina mafupi: Hana, yaani ua, Kiku, ua la krisanthemu, Tsuru, korongo. Aliyezaliwa wakati wazazi wameona watoto wametosha aliweza kuitwa Tome, yaani koma hapo. Enzi ya Meiji, iliyoanza 1868, ilipofungua milango, watu wa kawaida nao wakaanza kuwatia binti zao ile ko ya mabibi wakubwa. Mwaka 1900 binti wa ukoo wa Kujō, Sadako, mwenye ile herufi ya fundo la mwanzi, aliolewa na mrithi wa kiti cha ufalme. Ndiye aliyemzaa Mfalme Hirohito, na ndiye anayekumbukwa kwa kuwajali wagonjwa wa ukoma. Alipofariki mwaka 1951 alipewa jina la Malkia Teimei. Heshima ya jina lake ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1928, mwanawe wa pili alipomwoa binti aitwaye Setsuko, ambaye jina lake liliandikwa kwa herufi zile zile, bibi harusi alibadilishiwa herufi ili asishiriki maandishi na mama mkwe. Sauti zilikuwa tofauti, Setsuko na Sadako, lakini jicho lilikuwa limeona kitu kimoja, na hilo lilitosha.

Wazazi wa nyakati hizo walipoichagua ile herufi ya uaminifu, walikuwa na mke mwema akilini. Shule za wasichana zilifundisha waziwazi kwamba lengo ni kulea mke mwema na mama mwenye busara. Jina lilikuwa agizo: tulia, mtii mumeo, usiyumbe. Nikiwatazama akina Sadako waliokua chini ya agizo hilo, naona kwamba usiyumbe walilishika kweli, ila wakaamua wenyewe wasiyumbe katika jambo gani.

Sawamura Sadako, aliyezaliwa Asakusa, Tokyo, mwaka 1908, alijiunga na tamthilia za wafanyakazi na akafungwa jela kwa ajili hiyo miaka ya 1930. Baadaye akawa mwigizaji mashuhuri wa filamu na mwandishi wa insha kuhusu maisha ya mtaa wake. Kuanzia mwaka 1966, kwa zaidi ya miaka 20, aliandika daftarini chakula alichopika nyumbani, siku baada ya siku. Kwangu daftari hizo ni hazina ya mila sawa na kitabu chochote cha mwanazuoni.

Kurihara Sadako alikuwa na umri wa miaka 32, mkazi wa viunga vya Hiroshima, bomu la atomiki lilipoanguka tarehe 6 Agosti 1945. Shairi lake linalojulikana zaidi, lililochapishwa mwaka 1946, linahusu chumba cha chini ya jengo lililoharibiwa, kimejaa majeruhi, hakuna hata mshumaa, na mama anashikwa na uchungu. Mkunga, mwenyewe akiwa mahututi, anajitokeza na kumzalisha. Kisa hicho kilitokana na tukio la kweli. Diwani yake ya mwaka huo ilikatwakatwa na wakaguzi wa jeshi la Marekani lililokuwa likiitawala Japani, ikachapishwa kamili mwaka 1983. Lakini ninachomheshimia zaidi ni kwamba hakukubali nchi yake ijitazame kama mhanga tu. Katika shairi lake jingine kubwa aliwaambia Wajapani kwamba watakapolitaja jina la Hiroshima, watu wa Asia watawajibu kwa kutaja Nanjing na Manila, miji ambako jeshi la Japani liliua raia. Hilo halikumpatia marafiki wengi.

Katika Hiroshima hiyo hiyo alizaliwa Sasaki Sadako, tarehe 7 Januari 1943. Wazazi wake walimwandikia ile herufi ya heri. Bomu lilimkuta na miaka miwili, kiasi cha kilomita 1.6 kutoka pale lilipolipukia, akanusurika bila jeraha la kuonekana. Alikua msichana mwepesi, tegemeo la darasa lake katika mbio za kupokezana vijiti. Mwishoni mwa 1954 uvimbe ukamtokea shingoni. Februari 1955 akalazwa, na ugonjwa ulikuwa saratani ya damu.

Korongo, kwa imani ya Wajapani, huishi miaka 1,000, na desturi ya kumpelekea mgonjwa korongo 1,000 wa karatasi, waliotungwa kwenye nyuzi, ni ya zamani. Shada la namna hiyo lilifika hospitalini Agosti 1955, limetumwa na wanafunzi wa Nagoya, na Sadako akaanza kukunja wake. Karatasi ilikuwa adimu. Alikusanya zilizofungiwa dawa, akapita vyumba vya wagonjwa wengine kuomba karatasi za zawadi zao. Anayejua kazi hii ataelewa: unaanza na mraba, unaukunja kona kwa kona, unaufungua, unaukunja tena hadi upate umbo la almasi, ndipo unavuta shingo na mkia na kushusha mdomo. Karatasi ikiwa ndogo vidole havitoshi, na wapo korongo wake walio wadogo kuliko ukucha, wanaoonekana katika jumba la makumbusho la Hiroshima. Kitabu kimoja maarufu cha watoto kilieneza kwamba alifariki kabla ya kufikisha 1,000. Familia yake inasema aliwapita, akaendelea. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1955, akiwa na miaka 12.

Wanafunzi wenzake ndio walioanza kuchangisha fedha; shule zaidi ya 3,000 zikaitikia, na tarehe 5 Mei 1958 sanamu ya msichana aliyeinua korongo ilizinduliwa katika bustani ya amani ya mji huo. Kila mwaka hupelekwa hapo korongo wa karatasi kutoka kila pembe ya dunia, uzito wake ukikadiriwa kuwa tani 10.

Sadako wa nne anatuhusu sisi wa Maziwa Makuu moja kwa moja. Ogata Sadako alizaliwa Tokyo mwaka 1927, kitukuu wa Waziri Mkuu Inukai Tsuyoshi aliyeuawa na wanajeshi mwaka 1932. Alisomea chanzo cha uvamizi wa Manchuria, yaani jinsi jeshi la nchi yake lilivyoishinda nguvu serikali. Mwaka 1991 akawa Kamishna Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa wakimbizi, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho, akakaa hadi mwisho wa 2000. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, katika muda wa siku moja hivi. Julai, mamia ya maelfu wengine wakamiminika Goma, nchini Zaire, na kipindupindu kikawafyeka.

Katika kambi zile watu waliotenda mauaji ya kimbari ya Rwanda walikaa pamoja na mama na watoto, wakiwatawala na kugawa chakula watakavyo. Ogata aliomba majeshi ya kimataifa yawatenganishe wenye silaha na raia. Mataifa makubwa hayakutoa. Baadhi ya mashirika ya misaada yaliondoka kwa kukataa kuwalisha wauaji. Yeye alibaki, kwa hoja kwamba wasio na hatia ndio wengi, na akafikia hatua ya kugharimia askari wa Mobutu, rais wa Zaire, walinde kambi. Desemba 1996, shirika lake lilipotia sahihi pamoja na Tanzania tangazo la kuwataka wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, watetezi wa haki za binadamu walilalamika kwamba hiari haikuwapo, nami naona walikuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo, ukiyasoma maamuzi yake ya miaka ile, utaona swali lake lilikuwa moja: watu gani watakufa leo nikiondoka? Baadaye, kuanzia 2003 hadi 2012, aliongoza JICA, shirika la misaada la Japani ambalo wakulima na mafundi wa Afrika Mashariki wanalijua vizuri. Alifariki Oktoba 2019, akiwa na miaka 92.

Leo kijana wa Kijapani akilisikia jina Sadako huwaza kwanza mzuka. Riwaya ya Suzuki Kōji ya mwaka 1991, na filamu iliyofuata mwaka 1998, zilimleta Sadako wa kubuni; katika filamu nywele zimeufunika uso, vazi jeupe, anatambaa kutoka kisimani na kupenya kioo cha televisheni. Mwanamke mwenye nywele ndefu na sanda nyeupe ni wa zamani katika hadithi za mizuka za Wajapani, kwa hiyo filamu iliukuta uoga uliokuwapo tayari. Inanihuzunisha kwamba jina la wanawake wa uthabiti kama huu limefunikwa na mzuka, na nadhani hakuna haki katika hilo. Lakini jina lilikuwa linazeeka hata kabla ya filamu. Kuanzia miaka ya 1920 hadi 1950 karibu majina yote ya wasichana yaliyopendwa yaliishia na ko. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 yalikuwa yametoweka katika orodha za juu. Wazazi wa sasa hutafuta herufi nzuri na kuzipa usomaji wao wenyewe, hata mwalimu asijue amwiteje mtoto darasani.

Hapo sheria imeingia. Kwa zaidi ya miaka 100 koseki ilihifadhi herufi za jina bila matamshi yake. Tangu tarehe 26 Mei 2025 kila jina linatakiwa kuandikishwa pamoja na jinsi linavyosomwa, la mtoto aliyezaliwa jana na la bibi wa miaka 90 vilevile.