Pipa Likishuka, Nani Hupata Nafuu Muheto?

Pipa moja la mafuta ghafi lina lita 159. Katikati ya mwaka 2014 liliuzwa zaidi ya dola 110. Januari 2016 likawa chini ya dola 30. Gawanya mwenyewe: mafuta ghafi yaliyomo katika lita moja yalitoka senti 70 hivi, yakafika chini ya senti 20. Nusu dola ilipungua katika kila lita. Mtu wa Muheto, kwetu Masisi katika Kivu ya Kaskazini, aliyekuwa akinunua esansi ya chupa kando ya barabara alikuwa na haki ya kuuliza: hiyo nusu dola yangu imekwenda wapi?

Swali hilo hurudi kila pipa linaposhuka. Lilirudi Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanda na ndege duniani. Lilirudi tena 2025, pipa la Brent, kipimo cha bei ya dunia, lilipotoka karibu dola 75 mwanzoni mwa mwaka likafika karibu 60 mwezi wa Mei. Na kila mara linakuja na ubishi wake. Kuna wanaosema mafuta yakiwa rahisi, hakuna haja ya kuhangaika na sola. Kuna wanaosema mafuta rahisi ni hatari, maana dunia itachoma zaidi na majira yatazidi kuharibika. Wote wanabishana juu ya gari na kiwanda. Kwetu milimani Masisi, moto mkubwa wa kila siku uko chini ya sufuria ya maharagi, na huko ndiko pesa ya nyumba inakoishia.

Kwanza tumalize habari ya nusu dola. Kongo inachimba mafuta yake kule Muanda, mwambao wa Atlantiki, na kampuni ya Perenco ndiyo inayoyatoa. Lakini yanauzwa nje yakiwa ghafi, kwa kuwa kiwanda cha kusafisha cha SOCIR kiliacha kazi hiyo zamani. Kila lita ya esansi na mazuti inanunuliwa nje. Ile ya Kivu hushuka Mombasa au Dar es Salaam, kisha inapandishwa kwa lori. Mombasa hadi Goma ni zaidi ya kilomita 1,500. Lori halitozi nauli ndogo kwa sababu pipa limeshuka London.

Halafu kuna faranga. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa faranga 920 hivi. Mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1,600. Shaba na mafuta vilivyoshuka bei ndivyo vilivyopunguza dola za serikali, faranga ikalegea. Kwa hiyo mtu anayelipwa faranga aliona kitu cha ajabu: mafuta yalikuwa rahisi duniani na ghali mfukoni mwake.

Halafu kuna vizuizi. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Ubelgiji ilichora ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu zote mbili, ikahesabu 798. Kila kamba iliyofungwa njiani ina bei yake, na bei hiyo haijui habari za Brent. Tangu Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, hata ile bei inayopangwa na wizara ya uchumi kule Kinshasa haina nguvu upande huu. Anayepanga bei ni muuzaji wa chupa, yule tunayemwita Kadhafi, na yeye naye amenunua kwa bidoni kutoka kwa mwingine aliyeileta kwa moto, yaani pikipiki, katika matope.

Sasa tazama ule mshuko wa 2025. Dola 15 kwa pipa ni senti 9 na kidogo kwa lita. Moto ya 125 inatembea kilomita 40 kwa lita kwenye njia nzuri. Kwa njia zetu tuseme 30. Hata kama senti zote 9 zingefika mlimani bila kuguswa na mtu, safari ya kilomita 30 ingepungua senti 9. Hakuna motari atakayekurudishia senti 9, na mimi simlaumu: mpira, cheni na mafuta ya injini havikushuka. Anayesubiri pipa limpunguzie maisha atasubiri sana. Nafuu ya kweli iko katika kuchagua unachochoma na unavyokichoma.

Tuingie jikoni. Kilo ya kuni kavu ina karibu nusu ya joto la kilo ya makala, yaani makaa ya miti. Ukitazama hapo tu, utasema makala yanashinda. Lakini kilo moja ya makala, ikitoka katika tanuru la udongo la kawaida, imekula kilo 7 hadi 10 za mti. Anayepika kwa kuni moja kwa moja anamaliza mti kidogo, pengine mara tatu chini ya anayepika kwa makala. Msitu unamshukuru. Mapafu yake na ya mtoto aliyembeba mgongoni hayamshukuru hata kidogo, maana moshi wa mafiga matatu ndani ya nyumba iliyofungwa ni ugonjwa.

Na msiseme kuni ni bure. Mwanamke anayetembea nusu siku kutafuta kuni amelipa nusu siku. Katika kambi za wakimbizi wa ndani pembeni ya Goma, miaka ya 2023 na 2024, Madaktari Wasio na Mipaka walitibu wanawake wengi waliobakwa, na wengi wao walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni na chakula. Hakuna kuni ghali kuliko hizo. Anayepanga hesabu ya nishati ya Masisi bila kuweka jambo hili ndani, hesabu yake ni ya uongo.

Makala nayo yana hesabu yake chafu. Sehemu kubwa ya makala yaliyolisha Goma kwa miaka mingi ilitoka ndani ya hifadhi ya Virunga. Sokwe waliouawa huko Julai 2007 walihusishwa na biashara hiyo hiyo. Mradi wa EcoMakala wa shirika la uhifadhi WWF ulianza wakati huo kupanda miti ya kuchomea nje ya hifadhi, na mikaratusi unayoiona kwenye vilima vya Masisi inaonyesha kwamba mkulima anaweza kuuza makala bila kugusa msitu wa asili. Ukiweza kuuliza gunia limetoka wapi, uliza.

Basi mtu afanye nini na mbabula yake, jiko lake la makala? Mbabula ya bati tupu inaingiza katika sufuria kama moja ya tano ya joto. Joto lingine lote linapasha ukuta na hewa. Mbabula yenye udongo wa kuchomwa ndani inaingiza robo au karibu theluthi. Maana yake gunia lililokuwa linaisha kwa wiki 4 linafika wiki ya 5 au ya 6. Chukua bei ya gunia lako, gawanya kwa 4: hicho hivi ndicho unachookoa kila gunia. Kwa nyumba nyingi mbabula ya udongo inajilipa ndani ya gunia moja au mawili. Angalia tu kwamba udongo haujapasuka na umeshikamana vizuri na bati. Gonga kwa kidole: uliochomwa vizuri unalia, ule mbichi unatoa sauti ya kufa.

Gesi ya chupa ndiyo inayoleta ubishi, kwa kuwa nayo ni mtoto wa mafuta. Kilo moja ya gesi inapika sawa na kilo 4 za makala kwenye mbabula ya bati, au kilo 3 kwenye mbabula ya udongo. Huo ndio mzani wa kubeba kichwani. Ukikuta kilo ya gesi inauzwa chini ya bei ya kilo 4 za makala, gesi ni rahisi, ikizidi, bado. Lakini gunia la makala lazima lipimwe. Linauzwa kwa macho, na muuzaji anajua kuweka vipande vikubwa juu na vumbi katikati. Lipime kwenye mzani wa maharagi, toa uzito wa gunia lenyewe, ndipo ugawanye bei. Wengi wakifanya hivyo watashangaa makala wanayonunua kwa kikopo yalivyo ghali kupita ya gunia.

Kuna wanaharakati wa mbali wanaotaka hata gesi ya kupikia ikataliwe kwa jina la tabianchi. Hapo siwafuati. Kilo ya gesi ikichomwa inatoa kilo 3 hivi za hewa ya ukaa. Kilo 4 za makala ambazo gesi hiyo inachukua nafasi yake zimekula kilo 28 hadi 40 za mti. Mkongomani mmoja, kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe yote anayotumia kwa mwaka, hafikishi kilo 100 za hewa hiyo. Wastani wa dunia unapita tani 4. Mama wa Muheto akipata chupa ya gesi, si yeye aliyeharibu mvua.

Ila gesi ina tatizo ambalo wauzaji wa Goma hawalitaji. Chupa ya kilo 6 ikijaa, pamoja na chuma chake, ni mzigo wa kilo 12 na zaidi, na ikiisha lazima irudi mjini kujazwa. Nyumba nyingi za Masisi zimekimbia zaidi ya mara moja. Mtu akisikia risasi usiku anabeba mtoto, godoro na sufuria. Chupa inabaki, na pesa ya amana inabaki nayo. Kwa hiyo gesi naisifu kwa Goma na kwa Sake. Kwa Muheto nasema ngoja, isipokuwa una mtu wa kukujazia ndani ya safari ya siku moja.

Umeme ni habari njema kwa aliyefikiwa na waya. Mtambo wa maji wa Matebe, Rutshuru, wa megawati 13 hivi, ulizinduliwa Desemba 2015, mwezi ule ule wa Mkataba wa Paris wa tabianchi na katika majira yale yale ya pipa kuanguka. Maji yake hayanunuliwi kwa dola wala hayapiti Mombasa. Kwenye sahani ya umeme, kilowati 10 za saa ni sawa na kilo moja ya gesi. Sufuria ya umeme inayofungwa kwa mvuke inaivisha maharagi kwa karibu nusu ya kilowati moja ya saa. Milimani kwetu nyumba nyingi bado hazijaona waya.

Lakini maharagi yenyewe yanaweza kukuokolea pesa leo bila kununua kitu. Kwenye mita 1,800 maji yanachemka kwenye nyuzi 94, si 100, na ndiyo maana maharagi ya Masisi yanakaa motoni muda mrefu kuliko ya Kalemie, mji ulio chini zaidi. Yaloweke usiku kucha, funika sufuria, punguza makala yakishachemka. Muda wa moto utapungua kwa theluthi au zaidi.

Taa haina ubishi. Fanusi ikiwaka saa 4 kila usiku inakunywa kama lita 3 za petroli ya taa kwa mwezi. Taa ndogo ya sola inayouzwa kwa bei ya lita 8 inajilipa kabla ya miezi 3 kuisha, nayo inaingia mfukoni siku ya kukimbia. Tahadhari ni kwenye paneli kubwa, maana soko limejaa namba za uongo. Pima kwa kamba: mita moja ya mraba ya paneli nzuri inatoa wati 200 hivi kwenye jua kali. Paneli yenye nusu mita ya mraba iliyoandikwa wati 200 inakudanganya. Na katika majira ya mvua na ukungu wetu, hesabu saa 3 za jua kamili kwa siku, usihesabu 6.

Mashine ya kusaga ni ya mazuti, moto ni ya esansi, na zote zitabaki hivyo kwa sasa. Hapo pipa likishuka na bei ikashuka kidogo Goma, wenye mashine wanunue pamoja kwa pipa zima badala ya bidoni moja moja. Nafuu kubwa inapotea katika rejareja.

Kuna wanaotuambia kwamba mafuta yakichimbwa hapa Kivu, bei itashuka. Kampuni ya SOCO ilitafuta mafuta pembeni ya Ziwa Edward, ndani ya Virunga, ikakubali kuondoka mwaka 2014 baada ya kelele za dunia. Julai 2022, pipa likiwa juu ya dola 100, Kinshasa ilipiga mnada vitalu 27 vya mafuta, vingine vikigusa Virunga. Oktoba 2024 ikaufuta, ikitaja kukosekana kwa maombi ya kufaa na kwa ushindani. Mimi nashukuru ulifutwa. Muanda wamechimba kwa miongo, na esansi wanayotia kwenye moto zao bado inatoka nje. Kisima cha Ziwa Edward kisingepunguza chupa ya Kadhafi hata senti moja, na ziwa linalolisha wavuvi wa Vitshumbi lingekuwa rehani. Na kuchoma mafuta zaidi kunaongeza hatari ya mvua kubwa, ambayo tunaijua: Mei 2023 mvua ilibomoa Bushushu na Nyamukubi, Kalehe, zaidi ya watu 400 wakafa. Hewa ikiwa na joto inabeba maji mengi, na mlima uliovuliwa miti hauyazuii.

Kwa mwenye pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu: nunua taa ya sola. Ukipata tena, nunua mbabula ya udongo. Gesi ni ya aliye karibu na mji. Paneli kubwa ni ya aliyepima. Na muuzaji wa makala akikataa gunia lake lipandishwe kwenye mzani, mwache, nenda kwa jirani yake.