Pombe na Ufuasi wa Dawa za VVU: Suala la Uchungaji

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi unywaji wa pombe unavyoathiri ufuasi wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, yaani desturi ya kumeza dawa kila siku pasipo kuruka. Tunawaandikia wachungaji, wainjilisti na wanafunzi wa theolojia kwa sababu neno lisemwalo mimbarani juu ya jambo hili hufika mbali kuliko maelezo yatolewayo kliniki, na likisemwa vibaya laweza kugharimu maisha ya mtu.

Wagonjwa watatu wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ilipita zaidi ya miaka 20 kabla ya Serikali kuanza kutoa dawa hizi bila malipo, mwaka 2004. Siku hizi watu wazima wengi humeza kidonge kimoja tu kwa siku, chenye mseto wa tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Dawa hizi haziui virusi vyote, bali huvizuia visizaliane. Kiwango cha dawa kikishuka mwilini, virusi huanza tena kuzaliana, na katika kuzaliana huko hutokea vile visivyoitii dawa. Huo ndio usugu. Kinyume chake, mwenye ufuasi mzuri hufikia hali ambayo virusi havionekani tena katika kipimo, na mtu wa namna hiyo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Uchunguzi wa kimataifa uitwao PARTNER, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2016 na 2019, haukupata hata ambukizo moja la namna hiyo.

Pombe huharibu mambo hayo kwa njia gani? Mwaka 2009 Christian Hendershot na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 40, wakaona kwamba uwezekano wa wanywaji kuwa wafuasi wazuri wa dawa ulikuwa takribani asilimia 50 hadi 60 ya ule wa wasiokunywa au wanywao kidogo. Sababu zilizo dhahiri kila mchungaji azijua. Mlevi husahau; hulala kabla ya saa ya dawa; nauli ya kwenda kliniki huishia kilabuni; naye huona haya kumkabili muuguzi baada ya kukosa tarehe yake.

Lakini iko sababu nyingine iliyofichika zaidi, nayo ndiyo tunayotaka kuikazia. Watu wengi huamini kwamba pombe na dawa vikikutana tumboni huwa sumu. Basi mtu aliyekunywa rubisi au mbege jioni hukiacha kidonge kwa makusudi, akidhani anajilinda. Seth Kalichman na wenzake nchini Marekani walieleza mwaka 2009 kwamba imani hiyo yaambatana na kuruka dozi. Mtu wa namna hii hakusahau dawa wala hakuidharau. Ametii fundisho alilopewa, na pengine alilipata kwetu, maana ni rahisi mno kwa mhubiri apigaye vita ulevi kuitumia dawa kama fimbo: chagua pombe au chagua dawa. Aliye mtumwa wa pombe akilazimishwa kuchagua hivyo, twajua atakachochagua.

Ukweli ni huu: pombe haiibatilishi dolutegraviri, wala kumeza kidonge baada ya kunywa hakukigeuzi kuwa sumu. Hatusemi kwamba pombe haina madhara. Huumiza ini, na hatari huzidi kwa mwenye homa ya ini au anayetumia isoniazidi ya kuzuia kifua kikuu; huyo yampasa kumweleza tabibu wazi juu ya unywaji wake. Waliokuwa wakitumia efavirenzi, dawa iliyotangulia, waliweza kuona kizunguzungu kikizidi kwa pombe, na huenda sehemu ya hofu iliyopo ilitoka huko. Hata hivyo, kwa walio wengi kuikosa dawa kuna hatari kubwa kuliko kuimeza wakiwa wamekunywa.

Kwa hiyo shauri la mchungaji liwe na sehemu mbili zisizotenganishwa: acha pombe, na siku uliyoshindwa ukanywa, meza dawa yako. Wako watakaoona kwamba sehemu ya pili yahalalisha ulevi. Sisi hatuoni hivyo, kama vile tusivyomnyima mlevi aliyejeruhiwa bandeji. Tena, kidonge hiki chaweza kumezwa saa yoyote, mradi iwe ileile kila siku, pamoja na chakula au pasipo chakula. Anayekunywa jioni azungumze na muuguzi ahamishie dawa asubuhi, kabla ya saa za kilabu. Aliyesahau ameze mara akumbukapo, ila asimeze viwili pamoja ili kufidia.

Washiriki wengine huogopa hata kikombe cha Meza ya Bwana kwa ajili ya vidonge. Hao waelezwe kwamba funda moja la divai halina neno. Anayepigana na uraibu ana shida nyingine, na yafaa mchungaji aongee naye faraghani kabla ya ibada.

Mwisho, twawasihi wenzetu wasimwamuru mnywaji wa kupindukia aache ghafla siku ileile, hata kama ni sharti la kurudi kundini. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukinyimwa kwa ghafla huweza kutetemeka, kupatwa na degedege na kuchanganyikiwa, na wengine hufa. Mtu huyo apelekwe hospitali aachishwe chini ya uangalizi, na anayemsindikiza ahakikishe kwamba vidonge vyake vya VVU vimo mfukoni.