Msimbo wa Dawa ya Sindano na Hesabu ya Fakture

Msimbo wa dawa ya sindano kwenye fakture hueleza mambo mawili: dawa ni ipi, na inahesabiwa kwa kipimo gani. Hilo la pili ndilo huwaponyoka makarani. Dozi ya sindano mara nyingi hufuata uzito wa mgonjwa, kwa hiyo kinachoingia mwilini si lazima kilingane na kilichomo chupani.

Mokambo, mpakani mwa Kongo na Zambia, ni ukanda wa malaria, na malaria kali hutibiwa kwa artesuneti. Mtoto wa kilo 20 huhitaji miligramu 2.4 kwa kila kilo, yaani 48, mara tu anapofika, kisha baada ya saa 12 na saa 24. Chupa ya miligramu 60 ikishachanganywa haiwekwi akiba, hivyo kila dozi huacha 12 za kumwaga. Kwa hesabu ya chupa, mtoto ametumia 3; kwa hesabu ya miligramu, ametumia 144, na 36 zimepotea.

Marekani, ambako fakture huandikwa kwa misimbo ya herufi J, kipimo kiko ndani ya msimbo. J0696 ni seftriaksoni miligramu 250, hivyo gramu 1 huandikwa vipimo 4. Rituksimabu ilikuwa J9310, kipimo kimoja kikiwa miligramu 100. Tarehe 1 Januari 2019 ikawa J9312, kipimo miligramu 10. Dozi ya miligramu 500 ikatoka vipimo 5 ikawa 50. Aliyebadili msimbo akasahau idadi alidai sehemu ya kumi tu ya haki yake. Kwa chupa za matumizi ya mara moja, alama ya JW huonyesha kiasi kilichomwagwa. Tangu Julai 2023, JZ huthibitisha kwamba hakikumwagwa kitu.

Kongo haitumii misimbo hiyo, na zoni nyingi za afya hutoza bei moja kwa ugonjwa mzima. Mfumo wa ATC wa Shirika la Afya Duniani, unaotumika duniani kote, huitambua artesuneti kama P01BE03 na kwinini kama P01BC01, lakini msimbo huo hutaja dawa bila kusema chupa au miligramu. Kipimo hubaki kuandikwa pembeni.

Msimbo unapobadilika, hukaguliwa jina, kipimo na tarehe ya kuanza. Tarehe inayoamua ni ile mgonjwa alipochomwa sindano, si siku fakture ilipoandikwa.