Mkanda wa Jeshi: Chanjo Ipo, Nani Atailipia?

Pale Tinde, mkoani Shinyanga, barabara itokayo Nzega hugawanyika. Mkono mmoja huelekea Shinyanga na Mwanza, mwingine Isaka na Kahama, kwenye ukanda wa dhahabu unaofika hadi Geita. Mkulima wa vijiji vya jirani anayeamka na maumivu ya kuunguza ubavuni, kisha akaona malengelenge yamejipanga kama mshipi, naye hujikuta penye njia panda. Aende kituo cha afya leo? Asubiri auze mbuzi? Au aanze kwa mganga wa kienyeji, kwa kuwa majirani wamekwisha kusema amerogwa? Muda wa kuamua ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani: saa 72 tangu vipele vya kwanza kutokea.

Adui aliyejificha

Mkanda wa jeshi husababishwa na virusi vile vile vya tetekuwanga. Mtoto akipona tetekuwanga, virusi havitoki mwilini mwake. Hujificha kwenye vifundo vya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, vikakaa kimya kwa miaka mingi. Kinga ya mwili inapopungua kwa sababu ya uzee, VVU, saratani au dawa zinazoshusha kinga, virusi huamka na kufuata mshipa hadi kwenye ngozi. Aliyelieleza jambo hili kwa ufasaha mwaka 1965 hakuwa profesa wa hospitali kubwa. Alikuwa Edgar Hope-Simpson, daktari wa mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, aliyeandika kwa uangalifu habari za wagonjwa wake mwenyewe kwa miaka 16.

Kila mshipa wa fahamu huhudumia upande mmoja wa mwili, ndiyo maana upele huu kwa kawaida hauvuki katikati. Hofu kwamba ncha za mkanda zikikutana mgonjwa hufa haina msingi. Wala mtu haambukizwi mkanda wa jeshi na mwenzake. Hata hivyo, majimaji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuiugua. Hivyo vidonda vifunikwe, na mgonjwa ajitenge na watoto wachanga pamoja na wajawazito wasiowahi kuugua.

Katika Tanzania ugonjwa huu umebeba aibu nzito. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, kovu la mkanda wa jeshi limesomwa na wengi kama hukumu. Ni kweli kwamba mkanda wa jeshi kwa kijana ni sababu ya kupima VVU. Lakini mzee wa miaka 70 huweza kuupata kwa umri wake tu. Kipimo ndicho kinachojibu. Macho ya majirani hayajibu.

Kinachoumiza zaidi hubaki baada ya upele kukauka. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wazee, maumivu ya mshipa huendelea zaidi ya miezi mitatu, na pengine miaka. Shati likigusa ngozi huwa kama moto. Mtu wa jembe hushindwa kulima, na mchimbaji hushindwa kubeba mzigo. Hii ndiyo gharama ambayo haiandikwi kwenye stakabadhi yoyote.

Chanjo na bei yake

Chanjo ya kwanza ya mkanda wa jeshi, Zostavax, iliidhinishwa Marekani mwaka 2006. Ilikuwa na virusi hai vilivyodhoofishwa, hivyo haikuwafaa watu wenye upungufu mkubwa wa kinga. Shingrix, iliyoidhinishwa mwaka 2017, haina virusi hai. Katika utafiti uliohusisha watu zaidi ya 15,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, ilizuia ugonjwa kwa asilimia 97. Kwa wenye miaka 70 na zaidi, kinga ilikuwa karibu asilimia 90. Hutolewa kwa dozi mbili, ya pili ikifuata baada ya miezi miwili hadi sita. Mtu mzima mwenye kinga dhaifu anaweza kupewa ya pili baada ya mwezi mmoja hadi miwili.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Hawakusema kinga ni bure. Huko Marekani dozi moja imekuwa ikiuzwa zaidi ya dola 150. Dozi mbili ni zaidi ya shilingi 700,000, hata kabla ya kuhesabu usafirishaji na ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Linganisha na Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018, ambao mchango wake uliwekwa kuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Fedha za chanjo ya mtu mmoja zingeilipia kaya hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Hata nchi tajiri hazikuacha mzigo huu kwa mgonjwa. Kuanzia Januari 2023, wazee wa Marekani walio katika bima ya dawa ya Medicare hupata chanjo hii bila kuchangia. Uingereza huitoa bure kwa makundi maalumu ya wazee na wenye kinga dhaifu. Huku kwetu, ratiba ya taifa ya chanjo huwalinda hasa watoto, wasichana na wajawazito. Mtu mzima anayetaka chanjo nje ya ratiba hiyo, kama ile ya homa ya ini B, amezoea kuingiza mkono mfukoni.

Tofauti haiko kwenye sayansi. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyofanyiwa utafiti Bagamoyo na Korogwe pia, hutumia kiamsha kinga cha jamii moja na kile cha Shingrix. Watoto wa magharibi ya Kenya walianza kuipata bure mwaka 2019 kwa sababu mashirika ya kimataifa yalikubali kulipa. Chanjo ya wazee bado haijampata mlipaji wa namna hiyo.

Kwa mwenye uwezo wa kulipa

Anayefikiria kununua chanjo aulize kwanza katika hospitali yenye kibali. Asinunue dozi ya mtu binafsi asiyeweza kuonyesha jokofu lake. Atenge fedha za dozi zote mbili na nauli ya safari zote mbili kabla ya kuanza. Ajue pia kwamba chanjo hii haitibu: aliye na malengelenge asubiri yapone. Maumivu ya mkono, homa na uchovu wa siku mbili au tatu ni mambo ya kawaida.

Kwa asiye na uwezo

Mkulima wa Tinde asiyeweza kumudu chanjo hajaachwa bila ulinzi. Kupima VVU ni bure, na dawa za kufubaza virusi zimetolewa bure nchini tangu 2004. Anayezitumia bila kukatiza hujenga upya kinga yake, na hatari ya mkanda wa jeshi hupungua. Malengelenge yakitokea, vidonge vya asaiklovia, miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku saba, hufanya kazi vizuri zaidi vikianza ndani ya zile saa 72. Mhudumu achunguze figo za mgonjwa mzee kabla ya kuamua kipimo. Maumivu yakidumu, amitriptilini kwa dozi ndogo usiku husaidia wengi. Upele ukiwa kwenye paji la uso, ncha ya pua au karibu na jicho, mgonjwa apewe rufaa siku hiyo hiyo, kwani anaweza kupoteza uwezo wa kuona.

Liko jambo moja zaidi, nalo ni la mhudumu wa zahanati. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba nchi ambako mkanda wa jeshi ni tatizo kubwa la afya ya jamii zifikirie kuwachanja wazee na wenye magonjwa sugu. Nchi itajuaje ukubwa wa tatizo lake? Kwa daftari la wagonjwa: umri, hali ya VVU, siku alizochelewa, maumivu yaliyobaki baada ya miezi mitatu. Daktari wa Cirencester hakuwa na zaidi ya hayo. Kabla mtu hajaombwa kulipa, ni lazima aonyeshwe hesabu, na hesabu hiyo huanzia kwa mgonjwa anayeshuka leo pale njia panda ya Tinde.