Mkono wa kuume ujifunze kwanza

Mara nyingi tumeona kijana akipata mandolini hukimbilia kupiga wimbo mzima. Vidole vya kushoto vyapanda na kushuka upesi, lakini waimbaji wakianza, wanapotea, kwa kuwa mkono wa kuume haujui mwendo.

Mandolini ina nyuzi 8, zilizopangwa mbili mbili, nazo hukazwa kwa sauti za sol, re, la na mi, kutoka nene hata nyembamba. Shika kipande cha kupigia pasipo kukikaza, ukilegeza kifundo cha mkono. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Kwa kila hesabu piga kwa kushuka. Ukizoea, katikati ya hesabu piga kwa kupanda: moja-na, mbili-na. Kwa wimbo wa hesabu tatu, pigo la kwanza liwe na nguvu, mawili yafuatayo yawe mepesi.

Tena mkono usisimame. Hata usipogusa nyuzi, uendelee kushuka na kupanda, kama miguu ya msafiri. Anza polepole, wepesi utakuja baadaye.

Vijana wetu, ashikaye mwendo hasifiwi sana, lakini ndiye anayewachukua wenzake wote pamoja hata mwisho wa wimbo.